"Poa, itumie tu": ruhusa ya muziki kwenye filamu huru, na malipo ya mtunzi

Mwongozaji anamwandikia msanii WhatsApp: naomba wimbo wako niuweke kwenye filamu yangu, bajeti yenyewe unaijua. Msanii anajibu, "Poa kaka, itumie tu, jina langu lionekane." Wimbo unawekwa kwenye sini ya mwisho, filamu inamiksiwa, inakwenda tamasha, watu wanaipigia makofi. Kisha anajitokeza msambazaji anayetaka kuinunua, na barua pepe yake ya kwanza inaomba nakala za mikataba yote ya muziki. Hapo ndipo ile "poa" inapoanza kupimwa, na mara nyingi haifiki popote. Msanii hakudanganya. Alitoa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake, wala hakusema amekitoa kwa matumizi gani, kwa muda gani na kwa nchi zipi.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: melodi na mashairi, kile ambacho mtu anaweza kukiimba jikoni bila redio. Ya pili ni masta, yaani rekodi yenyewe iliyotoka studio, na sauti ya huyo mwimbaji na hilo gitaa la siku hiyo. Sheria ya Tanzania Namba 7 ya mwaka 1999 inazishughulikia zote mbili, hakimiliki kwa watunzi na hakishiriki kwa waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi. Ukitaka kuubandika wimbo juu ya picha, unahitaji ruhusa ya wenye utunzi, ambayo watu wa kazi hii huiita leseni ya sinki (sync), na unahitaji ruhusa ya mwenye masta. Ukiwa na moja bila nyingine, huna kitu.

Tuchukue singo ya kawaida ya Bongo Fleva. Mwimbaji kaandika beti mbili. Kiitikio kaandikiwa na rafiki yake ambaye jina lake halikutokea popote. Biti ni ya prodyuza, na melodi ya kinanda inayoushika wimbo mzima ilitoka kichwani kwa prodyuza huyo. Kuna kolabo ya msanii wa Nairobi aliyeandika ubeti wake mwenyewe. Studio ililipiwa na lebo. Kwa hiyo utunzi una watu wanne, na masta pengine ni ya lebo, au ya prodyuza kama lebo haikumalizia malipo, au ya mwimbaji kama kuna karatasi inayosema hivyo. Yule aliyejibu "poa" ana robo ya mali moja, labda na sehemu ya mali ya pili.

Na hapo bado hatujagusa biti zinazopatikana mtandaoni. Biti nyingi za aina hiyo hukodishwa tu. Msanii analipa dola chache, anapewa haki ya kuirekodi na kuisambaza kama wimbo, huku watu wengine kadhaa wakiwa wamekodi biti hiyo hiyo. Leseni ya kukodi mara nyingi haigusi filamu kabisa, au inaiweka kwenye daraja la bei ya juu. Kama mwenye biti naye aliingiza kipande cha gitaa kutoka rumba ya zamani bila kumuuliza mtu, filamu yako inarithi deni hilo lote.

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni kuurekodi wimbo upya kwa mwimbaji mwingine. Inasaidia nusu. Ukirekodi upya, masta inakuwa yako na mwenye ile ya zamani humhitaji tena, lakini utunzi uko palepale, na watunzi bado wana neno. Kwa wimbo ambao mwenye masta anadai fedha isiyolipika au hajulikani alipo, hii ni mbinu nzuri na watu huitumia sana. Kwa wimbo ambao shida iko kwa mtunzi, haikusogezi hata hatua moja.

Kosa jingine linalojirudia ni kuamini kwamba ukishalipa kwenye ofisi au chama cha hakimiliki umemaliza. Leseni ambayo baa, hoteli, basi au redio hulipia ni ya kuupiga muziki hadharani. Kuunganisha wimbo na picha ni jambo tofauti, na kwa kawaida anayeruhusu ni mwenye mali mwenyewe au mchapishaji wake. Ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, ni mahali pazuri pa kuulizia kazi imesajiliwa kwa jina la nani, na hilo peke yake linaweza kukuokolea miezi. Vilevile kibali cha kupiga picha na kibali cha Bodi ya Filamu vinaihusu filamu. Havisemi lolote juu ya wimbo wa mtu.

Ukishawapata wenye mali, mazungumzo ya bei huanza, na bei ya wimbo haitajwi mpaka mambo kadhaa yawe wazi. Utatumia sekunde ngapi? Utasikika nyuma kwa mbali au mhusika ataucheza na kuuimba? Upo kwenye majina ya mwanzo, kwenye trela, au kwenye sini moja tu? Filamu itaonekana wapi, na kwa miaka mingapi? Dunia nzima milele kwa vyombo vyote ni ghali. Matamasha peke yake kwa mwaka mmoja au miwili ni rahisi, na wenye nyimbo wengi, hata lebo kubwa, wanaijua leseni ya tamasha na hawaishangai. Mtayarishaji mjanja huandika ngazi nzima kwenye mkataba ule ule wa kwanza: leo nalipa kiasi hiki kwa matamasha; filamu ikiuzwa kwa televisheni naongeza kiasi hiki; ikienda kwenye majukwaa ya mtandaoni dunia nzima naongeza kiasi kile. Ubora wake ni kwamba bei za baadaye zinakubaliwa wakati bado hujapendwa na mtu. Ukisubiri mpaka msambazaji abishe hodi, mwenye wimbo atajua huna pa kukimbilia.

Utakutana pia na sharti la usawa: mwenye utunzi anakubali bei fulani mradi mwenye masta asilipwe zaidi yake, na mwenye masta naye anasema hivyo hivyo. Halina ubaya. Lakini lina maana kwamba ukimwongezea mmoja kimya kimya ili asaini haraka, umejiongezea deni la pili.

Na usifiche sini. Mtunzi ana haki ya kulinda heshima ya kazi yake hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Wimbo wa Injili ukisikika juu ya sini ya chumba cha gesti, au kaswida ikawekwa juu ya ugomvi wa walevi, fedha uliyolipa haitakunyamazishia simu. Eleza kwa maandishi nini kinaonekana wakati wimbo unasikika. Anayekataa akatae mapema.

Suala la ruhusa linawagusa hata wanaotengeneza dokumentari, ambao hudhani kwamba muziki ulioingia wenyewe kwenye maikrofoni hauhesabiki. Sheria ya Uingereza ya 1988 inasamehe kazi iliyoingia kwa bahati, lakini yenyewe inasema muziki uliowekwa kwa makusudi hauingii kwenye msamaha huo, na mhariri aliyepanga sini nzima ifuate redio ya jirani atapata taabu kumshawishi mtu kwamba ilikuwa bahati. Mahojiano yakifanyika, omba redio izimwe. Ni adabu ndogo inayookoa fedha nyingi.

Tuje kwenye nyimbo za zamani, maana hapa ndipo tunapodanganyana zaidi. "Huo wa kitambo, hauna mwenyewe." Kwa Tanzania na Kenya, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1960 amekuwa huru Dar es Salaam tangu 2011, lakini London bado analindwa hadi mwisho wa 2030. Filamu yako ikionyeshwa Forodhani hakuna tatizo. Ikipandishwa kwenye jukwaa linaloonekana Uingereza, tatizo lipo. Na kama watunzi walikuwa wawili, hesabu huanzia kwa aliyekufa mwisho.

Muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980 ni kitendawili cha aina yake. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa studio kuu ya nchi kwa miongo kadhaa. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kadiri chama kilivyobadilika na bendi ikabadili jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma tunayoijua. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, wanamuziki walikuwa na mshahara, kanda zilibaki redioni. Sasa wimbo uliotungwa na mpiga gitaa mwajiriwa, ukaimbwa na watatu, ukarekodiwa na redio ya serikali, mwenye utunzi ni nani? Familia ya mtunzi itakwambia ni wao, na kwa heshima yangu ningeanzia kwao. Lakini kwa kazi iliyofanywa ndani ya ajira sheria humtazama kwanza mwajiri, na rekodi nayo ina mlinzi wake, ambaye leo ni TBC, shirika la utangazaji la taifa. Hapa hupati jibu kwa kupiga simu moja. Unakusanya saini za wote wenye dai la maana, na kwenye mkataba kila mmoja anathibitisha kwamba anachokitoa ni chake.

Dai la warithi si hadithi ya pembeni. Solomon Linda, mwanamuziki wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wake "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 kwenye studio ya Gallo, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina jingine na maneno ya Kiingereza, ukaingia kwenye katuni maarufu ya Disney ya mwaka 1994. Mwaka 2004 warithi wakafungua shauri, na 2006 wakafikia maafikiano ya malipo. Silaha yao kubwa ilikuwa sheria ya Dola ya Uingereza ya 1911, iliyosema kwamba haki alizouza mtunzi akiwa hai hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Sheria hiyo ilitumika pia Kenya na Tanganyika enzi za ukoloni. Kwa hiyo karatasi ya mauzo ya mwaka 1950, hata ikiwa na saini na muhuri, haikupi usingizi.

Ngoma za jadi nazo zina mambo yake. Hakuna mtunzi mmoja wa kumlipa, lakini sheria ya 1999 ya Tanzania ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake, na Kenya ilitunga sheria kamili ya maarifa asilia na sanaa za jadi mwaka 2016. Tena, ngoma ikiwa ya kale haina maana kwamba rekodi yake ni ya kale. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Afrika Mashariki na mashine yake ya kurekodi, na mkusanyiko wake uko ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Ukitaka sauti hiyo hiyo ya kanda yake, unaongea na ILAM. Ukitaka ngoma tu, nenda kijijini na maikrofoni, walipe wapigaji kwa kazi ya siku hiyo, na chukua saini zao.

Baada ya mzunguko wote huu unaelewa kwa nini filamu nyingi zisizo na fedha huishia kwa mtunzi wa kuzitungia muziki mpya: mtu mmoja, mkataba mmoja, muziki uliokatwa kwa kipimo cha picha. Ni uamuzi mzuri, ila ndipo mtayarishaji anapogeuka kuwa yule yule tajiri wa studio anayemlalamikia kila siku.

Malipo ya mtunzi kwenye filamu ndogo huwa ya mkupuo: chukua kiasi hiki, humo humo maliza kila kitu. Tuseme ni shilingi 3,000,000 kwa filamu ya dakika 80 yenye dakika 35 za muziki. Namba hizi ni za mfano, lakini zifuatilie. Mpiga qanun 350,000. Mpiga zeze na marimba 300,000. Studio siku tatu kwa 150,000, ni 450,000. Fundi wa kumiksi 500,000. Nauli, chakula na bando 150,000. Jumla 1,750,000. Zinabaki 1,250,000 kwa kazi ya miezi miwili, na kodi ya zuio haijakatwa. Kisha mwongozaji anabadili sini nne baada ya muziki kukamilika, na mtunzi anarudi studio kwa fedha yake. Ndiyo maana mkataba lazima utaje mambo mawili ambayo watu wetu huyaruka: kwamba muziki wa mwisho unaanza baada ya picha kufungwa, yaani uhariri wake umekwisha na hauguswi tena, na kwamba marekebisho ya bure ni mangapi. Mawili yanatosha. La tatu lina bei. Na gharama za wapigaji zikijulikana kuwa kubwa, zitoe nje ya mkupuo. Mtayarishaji alipe risiti moja kwa moja, ili mtunzi asilazimike kuchagua kati ya mpiga qanun na kodi ya nyumba.

Awamu za malipo zinajadilika, ila mtunzi asianze bila kitu mkononi. Theluthi wakati wa kusaini, theluthi baada ya kusikilizwa rasimu za sini kuu, na theluthi siku ya kukabidhi faili ni mpango unaowatosha wengi. "Tutakulipa filamu ikiuza" si awamu. Ni matumaini.

Swali zito kuliko la fedha ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa imehamishiwa kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mtunzi wa Nairobi asiyesaini chochote anaweza kujikuta amekabidhi kila kitu kwa ukimya wake. Mikataba mingi inayonakiliwa mtandaoni, iliyotoka Marekani, nayo inamtaka mtunzi aache yote milele. Mimi naona hilo ni dhuluma kwenye filamu ya bajeti ndogo. Studio kubwa inayochukua haki zote hulipa ada inayolingana. Wewe unayelipa nusu ya nusu, chukua unachokihitaji: haki ya kutumia muziki huo ndani ya filamu, trela na matangazo yake, dunia nzima, kwa muda wote wa filamu, na ahadi kwamba hatauza muziki huo huo kwa filamu nyingine kwa miaka kadhaa. Utunzi ubaki wake. Masta ibaki yake, au muwe nayo wote. Albamu ya muziki wa filamu aitoe yeye na mgawane. Haikupunguzii kitu, na yeye anapata mali ya kuingojea mirabaha, ambayo ndiyo fidia halisi ya ada ndogo.

Mirabaha hiyo lakini haiji yenyewe. Filamu ikionyeshwa kwenye televisheni, au sinema za Ulaya, kuna fedha inayolipwa kwa watunzi kupitia vyama vyao. Sinema za Marekani hazilipi muziki wa filamu, ni msimamo uliotokana na uamuzi wa mahakama wa 1948, ila televisheni za huko zinalipa. Ili fedha imfikie mtu, mambo mawili lazima yawepo. Mtunzi awe mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha. Kenya kwa miaka mingi watunzi walikuwa chini ya MCSK, watayarishaji wa rekodi KAMP na wapigaji PRISK, lakini leseni za vyama hutolewa na KECOBO na hubadilika, kwa hiyo angalia nani ana leseni mwaka huu. La pili ni orodha ya muziki wa filamu, karatasi ambayo mtayarishaji huijaza na kumpa kila anayeinunua filamu. Mstari mmoja wake husomeka hivi: kipande namba 14, "Bandarini usiku", dakika 1 sekunde 42, muziki wa nyuma, bila maneno, utunzi asilimia 100 wa fulani, chama chake fulani. Kila kipande kina mstari wake, pamoja na zile nyimbo ulizoombea leseni. Kuijaza ni kazi ya mchana mmoja. Isipojazwa, mirabaha haina jina la kuifuata, na hakuna mtunzi anayeweza kuidai miaka mitatu baadaye.

Wapigaji waliokuja studio wasiachwe nje. Hakishiriki inawahusu hata kama walipewa posho na soda. Fomu ya ukurasa mmoja, isemayo amepiga chombo gani, amelipwa kiasi gani na amekubali sauti yake itumike kwenye filamu, isainiwe siku ile ile kabla ya vyombo kufungashwa. Baada ya hapo kuwapata ni mtihani.

Kuna tabia ya wahariri inayowaumiza watunzi kuliko bei: kukata filamu juu ya wimbo maarufu wa kuazima kwa miezi, mpaka mwongozaji hawezi tena kuiona sini bila wimbo huo, halafu mtunzi anaambiwa "tengeneza kama huu, ila usiwe huu." Akiiga sana, umenunua kesi. Mwite mtunzi wakati wa uhariri wa kwanza, akupe hata rasimu za simu, ukate juu ya hizo.

Na siku ya kumiksi, mwombe fundi wa sauti akukabidhi filamu katika njia tatu zilizotenganishwa: mazungumzo, vishindo na muziki. Hata zile nyimbo za leseni zikae kwenye njia yake. Wimbo wa kiitikio kilichoandikwa na rafiki asiyejulikana ukigoma kupata saini wiki mbili kabla ya kukabidhi kwa msambazaji, utautoa, mtunzi ataweka kipande kingine cha sekunde zile zile, na maneno ya waigizaji hayataguswa. Wengi hukumbuka kuliomba hilo baada ya kompyuta ya studio kufutwa.